Fedha Zikiitwa Maneno



Tarehe 21 Januari 2010, katika kesi iitwayo Citizens United, Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba kampuni yaweza kutumia fedha zake kiasi ipendacho kumpigia debe mgombea au kumpinga, mradi isimkabidhi yeye mwenyewe fedha hizo. Kuizuia, walisema majaji, ni kuvunja uhuru wa kusema uliomo katika Katiba. Kwa habari ya kura za wananchi juu ya sheria, haki hiyo kampuni zilikwisha kupewa tangu 1978.

Mabepari hutujibu kwamba vyama vya wafanyakazi navyo vilipewa haki ile ile. Ni kweli, lakini tutazame mizani. Huko California, mwaka 2020, Uber, Lyft, DoorDash na wenzao walimwaga zaidi ya dola milioni 200 ili wapiga kura wakubali kwamba madereva wao si waajiriwa, bali ni watu wanaojitegemea. Upande uliopinga, ulioungwa mkono na vyama vya wafanyakazi, ulipata kama dola milioni 20. Kampuni zikashinda kwa kura kama 58 katika kila 100, na dereva akakosa malipo ya saa za ziada na siku za ugonjwa zenye malipo, ambazo mwajiriwa wa huko anazo kisheria.

Fedha zile zilitoka wapi? Kampuni hizo hukata sehemu yake katika nauli ya kila safari. Basi jasho la dereva lilisaidia kulipia matangazo ya kumnyima dereva haki zake, na hakuna aliyemwuliza.

Na hapa ndipo tunapostaajabu. Mwaka 2018, katika kesi ya Janus, mahakama hiyo hiyo ilisema mtumishi wa serikali asiye mwanachama asikatwe hata ada ya gharama za majadiliano ya mishahara bila ridhaa yake, kwa kuwa kulipa ni kusema. Hatupingi mfanyakazi kuulizwa. Twauliza kwa nini aulizwe senti yake inapokwenda kwa chama tu.

Nasi huku, uchaguzi ukifika, lori la kiwanda au la shamba likionekana limebeba watu wa mgombea, makatibu wa matawi waulize katika kikao na mwajiri: mafuta yamelipwa na nani, na kutoka fungu gani? Swali hilo liandikwe katika kumbukumbu za kikao, kabla hatujaambiwa kwamba fedha za nyongeza hazipo.