Bahari si ya waogeleaji peke yao

KILA msimu wa pamba unapofikia ukingoni, fedha huonekana katika vijiji vya Shinyanga na Geita. Nyumba huezekwa mabati, ng'ombe hununuliwa, ada za shule hulipwa na pikipiki mpya huingia barabarani. Kwa wachimbaji wadogo na wafanyabiashara wa Kahama na Katoro fedha haina msimu mmoja, lakini nayo huishia kwenye mambo hayo hayo. Katika orodha yote hiyo ya matumizi ni nadra kukuta neno mapumziko.

Ukimwuliza mkulima au mwenye duka kwa nini hajawahi kuipeleka familia yake pwani, utapata majibu mawili. La kwanza ni gharama. La pili ni kwamba yeye, mkewe na watoto hawajui kuogelea, sasa baharini wataenda kufanya nini? La gharama tutalifanyia hesabu hapa chini. Hili la pili ndilo linalowafungia wengi mlango, na si la kweli. Viumbe vingi ambavyo wageni hukata tiketi ya ndege kuja kuvitazama katika bahari yetu huonekana kwenye maji ya magotini, au kutoka ndani ya boti bila mtu kuloa.

Hofu ya maji kwa watu wa Kanda ya Ziwa ina sababu zake, na haifai kuchekwa. Mei 21, 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara na kuua watu zaidi ya 200. Zaidi ya hapo, mtoto aliyekulia kando ya Ziwa Victoria amefundishwa kwamba maji ya pembeni ndiyo yenye hatari zaidi, maana huko yuko mamba, yuko kiboko na kuna kichocho.

Bahari ina tabia tofauti. Konokono wanaobeba kichocho huishi katika maji baridi, hawaishi kwenye chumvi. Kiboko na mamba si wakazi wa fukwe zilizo mbali na midomo ya mito. Maji ya chumvi nayo ni mazito kidogo kuliko ya ziwa, hivyo humwelesha mtu kwa urahisi zaidi. Lakini tofauti kubwa kuliko zote ni kwamba bahari huondoka na kurudi. Mara mbili kwa siku maji hupwa na mara mbili hujaa, na yanapopwa huacha wazi eneo ambalo saa chache kabla lilikuwa na kina cha kumzamisha mtu mzima.

Hapo ndipo penye utajiri wa asiyejua kuogelea. Katika ufuko wa mashariki wa Unguja, vijiji vya Paje, Jambiani na Bwejuu, maji ya bamvua yakipwa unaweza kutembea mamia ya mita kuelekea kwenye mwamba huku maji yakicheza kati ya kifundo cha mguu na goti. Katika vidimbwi vilivyobaki utamkuta kiti cha pweza mwenye mikono mitano, jongoo bahari akijikokota mchangani, kaa wa aina nyingi, samaki wadogo wa rangi na, ukiwa na mwenyeji mwenye jicho kali, pweza mwenyewe akiwa amejibana shimoni. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kwa mgeni kutoka Shinyanga, kidimbwi kimoja cha Jambiani kinatosha kumaliza asubuhi nzima.

Huko huko mkulima atakutana na wakulima wenzake. Kilimo cha mwani kwa ajili ya biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na wengi wa wanaokifanya ni wanawake. Hufunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizotandazwa kati ya vigingi, wakifanya kazi maji yanapopwa. Wengi wao hawajui kuogelea, lakini wameishi kwa bahari miaka yote hiyo. Maji ya kina kifupi yalipoanza kupata joto kupita kiasi, aina ya mwani yenye bei nzuri ikawa inakufa, na ushauri wa kuhamishia mashamba kwenye kina kirefu ukagonga ukuta kwa sababu hiyo hiyo ya kutojua kuogelea. Funzo lake ni kwamba kwa asiyeogelea suala si bahari kwa ujumla. Suala ni kina, na kina huamuliwa na saa.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya chumba, uliza mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hupwa sana na kujaa sana. Hilo ndilo bamvua, na tofauti kati ya kupwa na kujaa hufikia mita 3 hadi 4. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu saa 4 asubuhi, na kila siku inayofuata muda huo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Baada ya wiki moja huja maji mafu, ambapo bahari haiendi mbali na matembezi ya mwambani hayanogi. Familia inayofika wiki ya maji mafu inaweza kurudi nyumbani ikisema haikuona kitu, kumbe ilikosea tarehe tu. Mkulima anayepanga kupanda kwa kusoma mvua hatashindwa kupanga safari kwa kusoma mwezi.

Saa hiyo hiyo ndiyo yenye hatari, na lazima isemwe wazi. Maji yanaporudi hayaji kwa mstari mmoja kutoka mbele kama mtu anavyodhani. Hujaza kwanza mifereji na mabonde yaliyo nyuma yako, kati ya mwamba na ufuko. Anayejua kuogelea atavuka akicheka. Asiyejua anaweza kukuta njia aliyojia magotini sasa iko kifuani. Fungu la mchanga la Maziwe, karibu na Pangani, hufunikwa kabisa na maji ya bamvua yanapojaa. Kanuni ni moja: toka na maji yanayopwa, na anza kurudi kabla hayajageuka. Usiende bila mwenyeji wa kijiji hicho, na umlipe kwa kazi hiyo.

Mambo mengine ni ya kawaida. Vaa viatu vya raba, maana mwambani yupo mnyama wa mviringo mwenye miiba mirefu myeusi kama nungunungu, na yupo samaki anayefanana na jiwe ambaye mwiba wake una sumu. Usikanyage matumbawe, kwani ni viumbe hai na hukua polepole sana. Usimtoe kiti cha pweza majini kwa ajili ya picha; hupata hewa yake kutoka kwenye maji. Na usikatize kwenye kamba za mwani. Wewe mwenyewe usingependa ng'ombe wa mwenzako apite kwenye pamba yako.

Kwa anayetaka kuona zaidi ya magoti, kuna njia zisizohitaji kuogelea. Nungwi, kaskazini mwa Unguja, lipo bwawa la asili la Mnarani ambako kasa hutunzwa tangu mwaka 1993, na mgeni huwatazama akiwa nchi kavu. Katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, kuna njia ya mbao inayopita juu ya mikoko. Ziko boti zenye kioo sakafuni; hizo zimetumika kwa miaka mingi kule Malindi na Watamu nchini Kenya, ambako hifadhi za bahari zilianzishwa mwaka 1968. Upande wa magharibi wa kisiwa cha Mafia, karibu na Kilindoni, kati ya Oktoba na Machi huja papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani. Anakula viumbe vidogo vinavyoelea majini, hana habari na binadamu, na huja juu kiasi cha kuonekana vizuri kutoka kwenye boti. Na ukiwa umesimama kwenye maji ya kiunoni, umevaa jaketi la kuokolea maisha na umeshikwa mkono na mwongozaji, miwani ya majini na bomba la kupumulia vitakuonyesha samaki wengi bila kunyanyua miguu chini.

Sasa tuje kwenye soko, maana ndiko hoja yangu iliko. Huduma nyingi za utalii wa bahari zimepangwa kwa mgeni anayeogelea. Boti hupelekwa kwenye kina, watu huambiwa warukie majini, na asiyeogelea huachwa akikaa peke yake boti ikiyumba, ilhali amelipa bei ile ile. Hiyo si haki ya mnunuzi. Mkulima hawezi kukubali kuuziwa mbegu ya mpunga wa mabondeni kwa shamba la mlimani, basi asikubali safari ya kina kirefu wakati alichohitaji ni kina kifupi. Kabla ya kutoa fedha, uliza maswali manne.

Moja, maji yanapwa saa ngapi siku hiyo, na tutarudi saa ngapi? Asiyeweza kujibu hili bila kubabaika usimpe familia yako. Mbili, jaketi za kuokolea maisha ziko ngapi, na za watoto zipo? Ziombe uzione na uzivae kabla ya boti kuondoka, kwa sababu jaketi lililofungwa kwenye gunia chini ya kiti halimwokoi mtu. Tatu, boti ina leseni na imepangiwa watu wangapi? Mwaka 2011 MV Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba ikiwa imejaza watu kupita uwezo wake. Boti ikizidi, shuka, hata kama umeshalipa. Nne, asiyeogelea atafanya nini muda wote huo? Jibu likiwa "atakaa", basi punguziwe bei au tafuta mwingine.

Kuhusu gharama, tufanye hesabu ya mfano. Tuseme umeuza kilo 5,000 za pamba. Ukitenga Sh100 kwa kila kilo unapata Sh500,000, na kwa bei ambazo misimu ya karibuni zimekuwa zaidi ya Sh1,000 kwa kilo, hicho ni chini ya asilimia 10 ya mauzo. Mwenye duka atenge kidogo kidogo kila wiki. Kiasi hicho hakitatosha hoteli ya kifahari, wala hakihitajiki huko. Kinahitajika kwa nauli, nyumba ya wageni ya kawaida na mwenyeji mmoja wa kijiji. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inatoka Dodoma hadi Dar es Salaam, na tangu Juni 2025 daraja la Kigongo-Busisi limewapunguzia watu wa Geita adha ya kivuko wanapokwenda Mwanza. Asiyetaka kuvuka kwenda Unguja anaweza kuishia Tanga, Bagamoyo au Dar es Salaam, ambako visiwa vya Mbudya na Bongoyo ni maeneo tengefu ya bahari tangu mwaka 1975.

Wakati nao unamfaa mkulima wetu. Upepo wa kusi huichafua bahari katikati ya mwaka, kisha hupungua nguvu kuelekea Oktoba. Hapo pamba imeshauzwa na msimu wa kupanda haujashika kasi. Ni wiki chache tu, na bamvua huangukia ndani yake.

Kwa anayehofia safari ndefu, ajipime nyumbani kwanza. Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, iliyoanzishwa mwaka 1977, iko ndani ya Mkoa wa Geita, na Saanane iko Mwanza mjini. Kule ni ziwa, mamba wapo na hakuna kutia mguu majini, lakini mtoto atajifunza kuvaa jaketi na kukaa kwenye boti kwa utulivu.

Waendesha boti na taasisi zinazosimamia hifadhi za bahari nao wana la kufanya. Tangazeni safari za kina kifupi kwa Kiswahili, kwa shilingi, zikiwa na ratiba ya maji kupwa na jaketi za kila umri. Watanzania wengi wa bara hawaogelei, na bado wana fedha za kutumia. Anayewahesabu kama mizigo ya kubaki kwenye boti anafukuza wateja walio karibu kuliko wote.

Na wewe mkulima, kabla hujamaliza fedha ya msimu huu, tafuta kalenda yenye miezi, tia alama bamvua la Oktoba, kisha piga simu na uulize yale maswali manne.