Usikubali Kufomati

Mwanafunzi anafika steshenari kuchapisha tasnifu. Anachomeka diski yake, na badala ya mafaili kioo kinaleta ujumbe: diski hii ifomatiwe kwanza ndipo itumike. Akikubali, kazi ya mwaka mzima imo hatarini. Na diski haina kasoro yoyote. Iliandaliwa kwenye Mac, ikachomekwa kwenye Windows, na Windows haikuitambua.

Tunasema wazi kwamba hasara hii inazuilika bila gharama. Wa kwanza kuizuia ni wale wanaopokea mafaili ya watu kila siku: vyuo, shule, ofisi za umma na maduka ya huduma za kompyuta.

Kila mfumo endeshi una namna yake ya kupanga data kwenye diski. Windows hutumia NTFS, mpangilio uliokuja na Windows NT mwaka 1993. Mac za sasa hutumia APFS, iliyoanza kwenye kompyuta hizo mwaka 2017. Linux nyingi hutumia ext4. Mac huisoma diski ya NTFS, ila haiandiki humo bila programu ya ziada. Windows nayo, bila programu ya ziada, haisomi APFS wala ext4, na hapo ndipo huomba diski ifomatiwe.

Kwa miaka mingi watu walikimbilia FAT32, inayosomeka karibu kila mahali. Tatizo lake ni kwamba haipokei faili la GB 4 au zaidi. Video ndefu ya mhadhara hugoma kuingia hata kama flashi ina nafasi tele. Microsoft ilitoa exFAT mwaka 2006 kuondoa kikwazo hicho. Agosti 2019 ikaweka hadharani maelezo yake ya kiufundi, na kabla ya mwaka kwisha exFAT ikaingia kwenye toleo la 5.4 la kiini cha Linux. Leo Windows, Mac na Linux za karibuni zote husoma na kuandika exFAT. Hakuna tena sababu ya kuhangaika.

Basi flashi ya kubebea mafaili ifomatiwe exFAT siku inaponunuliwa, ingali tupu. Na isichomolewe ghafla. exFAT haina jounali, ile kumbukumbu inayousaidia mfumo kujinusuru uandishi unapokatika njiani. Bofya amri ya kuitoa, subiri, kisha chomoa.

Faili kufika ni hatua moja. Kufunguka sawasawa ni nyingine. Barua iliyoandikwa kwa Word ikifunguliwa kwa LibreOffice, kwenye kompyuta isiyo na fonti ileile, kurasa huhama na majedwali huvurugika. Waraka wa kusomwa au kuchapishwa utumwe kwa PDF, ambayo ni kiwango cha ISO tangu 2008. Waraka wa kuendelea kuhaririwa na watu wa mifumo tofauti uhifadhiwe kwa ODF, kiwango cha ISO tangu 2006. Jina la faili nalo lisiwe na nukta pacha, mkwaju wala alama ya kuuliza, kwa kuwa Windows huzikataa.

Kompyuta zilizo katika ofisi moja hazihitaji hata flashi, ambayo mara nyingi hubeba virusi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Andrew Tridgell, akiwa Australia, alianzisha kazi iliyozaa Samba, programu huria inayowezesha Linux kubadilishana mafaili na Windows kwa njia ya mtandao wa ndani. Mac pia inaelewa itifaki inayotumiwa na Samba, yaani SMB. Ofisi yenye mtandao wake inaweza kuwa na folda moja ya pamoja, na kila kompyuta ikaifungua.

Tunataka mambo matatu. Kila tangazo la kazi, zabuni au udahili litaje aina ya faili inayopokelewa, na aina hiyo isomeke bila kununua programu ya kampuni moja. Kila mhudumu wa kompyuta afundishwe kutofomati diski ya mteja kabla ya kumuuliza inatoka kwenye kompyuta ya aina gani na kujua kama ana nakala nyingine. Na vyuo vimfundishe kila mwanafunzi mambo haya katika wiki yake ya kwanza, kabla hajaanza kuandika kitu cha kupoteza.

Mwananchi aliyeleta faili zima hastahili kurudishwa nyumbani kwa sababu kompyuta ya ofisi ni ya aina nyingine. Wakuu wa taasisi waziandike kanuni hizi, wazibandike ukutani na wazisimamie kuanzia sasa.