Siku Niliyompika Nyanya Yangu

Wasee, kuna siku niliposti video nikiwa jikoni ushago, nyanya yangu ameketi kando akingoja chakula. Juu yake nikaandika: "Leo nimempika nyanya."

Saa moja haijaisha, komenti zimejaa. "Aliiva vizuri?" "Tuwekee supu!" Nilicheka, mpaka mteja aliyetaka nimwandikie tangazo la Kiswahili akaiona. Akatafuta mtu mwingine.

Iliniuma. Lakini siku hiyo nilishika kitu ambacho miaka minne ya sekondari haikunishikisha. Cheki:

Nimepika nyanya. Hizo ni za sokoni.
Nimempika nyanya. Polisi wako njiani.
Nimempikia nyanya. Ameshiba, anakubariki.

Hiyo "m" inamtoa nyanya kwa kikapu, anakuwa mtu. Hiyo "i" inamtoa kwa sufuria. Shuleni iliitwa kauli ya kutendea. Niliikariri, nikapata alama, nikaisahau.

Kwa maoni yangu, kitabu cha sarufi kinafaa kuchekesha. Mwaka 2003 Mwingereza Lynne Truss alitoa Eats, Shoots & Leaves, kitabu kizima kuhusu koma na wenzake, na kikauzwa vibaya sana Uingereza na Marekani. Jina limetoka kwa kichekesho cha panda: koma moja ikikaa pabaya, mnyama wa kula machipukizi na majani anageuka jambazi anayekula, anafyatua risasi, anaenda zake. Nani atasahau hiyo koma?

Najua kuna mtu atasema sarufi si komedi. Sawa, kucheka hakukufanyii zoezi. Lakini sheria unaikumbuka ukiona imevunjwa na kitu kimeharibika. "Juma anacheza mpira" haiharibu chochote, ndio maana haikai kichwani.

Ila tucheke sentensi, tusicheke mtu. Wengi wetu hapa Nairobi tuliogopa kuandika Kiswahili kwa sababu ya kuchekwa. Mimi chuo niliacha, lakini kuandika ndiko kunanilisha, kwa hivyo siwezi kukimbia.

Shuleni sikuwahi kupewa kitabu kama hicho cha Kiswahili. Ukikiandika, nakala ya kwanza ni yangu. Ukichelewa, nitaanza mwenyewe. Nyanya tayari amekubali kuwa sura ya kwanza, bora nisimpike tena.