WANAUME, TUAMBIANE

Tulipokikataa kiboko cha mkoloni hatukukusudia kukirithi majumbani mwetu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, yasema wazi kwamba hata kama mila inaruhusu, hakuna mtu mwenye haki ya kumpiga mwenziwe wa ndoa. Lakini sisi wanaume, tusikiapo kilio usiku nyumba ya jirani, twajifunika shuka na kusema, "Hayo ni mambo ya mume na mke." Nyumba hiyo ikiwaka moto mbona hatusemi hivyo?

Asubuhi mpigaji yuko barazani, anacheza bao, anamiminiwa kahawa. Hakuna amwulizaye. Na vijana wetu wa kiume wamesimama pembeni wanatazama; hilo ndilo somo lao, wala mwalimu hawezi kulifuta kwa chaki.

Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na mwanamke aliyepigwa aende huko bila kuona haya. Lakini askari hawakai barazani. Tunaokaa ni sisi. Basi wazee na waanze, wamwambie mbele ya wenzake, watoto wakisikia: bao tutacheza nawe utakapoacha.