Kiingereza Kidogo Kila Siku

Wanafunzi wengi hudhani ya kwamba Kiingereza ni lugha ya wenye akili nyingi tu. Humwona mwenzao asomaye upesi, wakasema, "Yule amezaliwa hivyo." Mimi nasema sivyo. Ajuaye lugha ni yule aliyeizoea, na mazoea huja kidogo kidogo, hayaji kwa siku moja. Tena mazoea yadumuyo ni yale yenye furaha ndani yake.

Jambo hili si dogo. Katika Tanzania watoto wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha wafikapo sekondari hukuta vitabu vya jiografia, hesabu na sayansi vimeandikwa kwa Kiingereza. Mtoto asiyejiweka tayari huketi kimya darasani, wala si mjinga. Hesabu aijua, lakini swali lenyewe halielewi. Kwa hiyo yawapasa kuanza sasa, maadamu mngali na nafasi.

Wako wanafunzi ambao muhula mzima hawagusi kitabu, hata mtihani ukikaribia hukesha usiku kucha wakikariri maneno mia. Asubuhi vichwa vyawauma, na baada ya siku chache maneno yote yamekwisha kutoka, kama maji yaliyotiwa katika pakacha.

Mjerumani mmoja, jina lake Hermann Ebbinghaus, alilichunguza jambo hili kwa kujijaribu mwenyewe, akaandika kitabu mwaka wa 1885. Alijifunza kwa moyo silabi zisizo na maana, kisha akapima ni kiasi gani amesahau. Akaona ya kwamba kuzirudia mara 38, akizigawanya katika siku tatu, kulimfaa sawasawa na kuzirudia mara 68 kwa siku moja. Tazameni basi! Kazi imepungua mara 30, na faida ni ile ile. Wazee wetu walilijua jambo hilo bila kitabu, wakasema: haba na haba hujaza kibaba.

Labda mtaniuliza, "Tuanzeje?" Chagua robo saa tu, uifunge na kazi uifanyayo kila siku, kama vile baada ya kuteka maji, ama kabla ya chakula cha jioni. Usianze kwa saa mbili, maana siku ya tatu utachoka, na siku ya nne utaacha. Katika robo saa hiyo, kwanza yakumbuke maneno ya jana bila kuyatazama. Kisha twaa maneno matano mapya, uyatamke kwa sauti, ukatunge kwa kila moja sentensi juu ya mambo ya kwenu: mbuzi, shamba, soko, mdogo wako. Maneno matano kwa siku ni maneno 1,825 kwa mwaka. Hata ukisahau nusu, yatakubakia zaidi ya 900, nayo ni akiba njema.

Wengine husema, "Mimi sina vitabu." Je, hukuona maandishi kwenye kopo la maziwa, kwenye karatasi ya sabuni, au kwenye kibao cha dukani? Soma hayo. Kalamu moja na daftari moja zatosha kuyaandika.

Tena furahieni kazi yenyewe. Windeni maneno kama watu wawindao ndege. Blanketi, baiskeli na penseli ni maneno yaliyotoka katika Kiingereza yakaingia katika Kiswahili. Nao Waingereza wamelichukua neno letu safari, wanalitumia mpaka leo. Au tazameni neno knife, maana yake kisu. Herufi yake ya kwanza haitamkwi. Zamani Waingereza waliitamka. Baadaye ulimi ukaiacha, lakini kalamu ikaishika. Ukijua hayo, neno gumu huwa kama kitendawili kilichoteguliwa. Basi tegeaneni vitendawili jioni, mmoja kwa Kiswahili, na mwenzake ajaribu kukigeuza kwa Kiingereza. Simulieni hadithi ya Sungura na Fisi kwa maneno machache mliyo nayo, na mahali neno linapokosekana, onyesheni kwa mikono.

Lakini mahali penye hofu hapana furaha. Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi wa Kenya aliyefariki mwaka wa 2025, alieleza katika kitabu chake cha mwaka wa 1986 jinsi mtoto aliyesikiwa akisema Kigikuyu shuleni alivyopigwa, au kuvishwa shingoni kibao cha kumwaibisha. Desturi kama hiyo haifai hata kidogo. Mtoto aliyeaibishwa hufunga kinywa, na kinywa kilichofungwa hakijifunzi kusema. Nanyi pia, msimcheke mwenzenu akikosea. Mchekeni Fisi wa hadithi, lakini mwenzenu msahihisheni kwa upole, maana kesho zamu ya kukosea itakuwa yenu.

Wala msidhani ya kwamba kukipenda Kiingereza ni kukidharau Kiswahili. Mwalimu Julius Nyerere alikijua Kiingereza sana, na kwa ujuzi huo alitafsiri mchezo wa Shakespeare uitwao Julius Caesar, ukapigwa chapa kwa Kiswahili mwaka wa 1963, naye ni Rais. Alichokipata ng'ambo alikileta nyumbani. Basi yeye ashikaye lugha ya pili asiitupe ya kwanza, kwani hiyo ndiyo mizani ya kuipimia nyingine.

Gogo kubwa halikatwi kwa pigo moja la shoka. Bandu bandu huisha gogo. Leo jioni kazi zikiisha, shikeni daftari, mwandike maneno matano ya kwanza, na kesho mwulizane.