Ukano wa Kiwiko na Kisu cha Mganga

Watu wa Kambove walikuwa wakichimba shaba kwa mikono kabla Union Minière haijaundwa mwaka 1906. Na hata leo wako akina baba wengi wanaovunja mawe ya shaba na kobalti kwa nyundo, tindo na sururu. Basi yatupasa kusema juu ya ugonjwa mmoja uwapatao watu wa kazi kama hiyo: maumivu ya upande wa ndani wa kiwiko, yasiyokwisha. Wazungu huyaita kiwiko cha wachezaji wa gofu, jina geni kabisa kwetu.

Misuli ya kukunja vidole na kiganja hushikamana kwa kano na kifupa kile kinachojitokeza upande wa ndani wa kiwiko. Kukamata nyundo kwa nguvu siku kwa siku huzichanachana kano hizo, zikakosa nafasi ya kupona. Chale za wembe hazifiki huko. Huacha kidonda tu. Sindano ya hospitali yaweza kutuliza kwa majuma machache, lakini mara nyingi maumivu hurudi. Dawa ya kwanza ni kupumzisha mkono, kisha mazoezi ya polepole. Na wengi hupona hivyo pasipo kupasuliwa.

Lakini ikiwa miezi 6 hata 12 imepita bila nafuu, mganga aweza kushauri kisu. Hupasua ngozi, huondoa sehemu ya ukano iliyoharibika, kisha huishonea iliyo nzima mfupani. Nyuma ya kifupa hicho hupita mshipa wa fahamu. Kwa hiyo mwenye ganzi katika kidole cha mwisho na kile cha pete asilifiche jambo hilo, maana mshipa uliobanwa huweza kufunguliwa siku ile ile.

Neno gumu ni baadaye. Mkono hukaa katika banzi juma moja au mawili, na kazi ya nyundo haifai kabla ya miezi 3, hata 6 kwa wengine. Hilo ndilo linalowatisha akina baba kuliko kisu chenyewe: nani atanunua unga? Twaona ni swali la haki. Heri mume na mke walijibu pamoja nyumbani, kabla ya kushika njia ya Likasi au Lubumbashi. Maana anayerudi shimoni upesi aweza kuukata tena ukano uliokwisha kushonwa.