Mwanagenzi wa Ukutubi na Vitabu vya Kiswahili Vilivyopotea Rafuni

Aghalabu mwanafunzi wa Kiswahili huingia maktabani, akachukua kitabu, akaenda zake. Ni nadra ajiulize ni nani aliyekiweka pale alipokikuta. Swali hilo humjia siku asipokikuta. Makala haya yanaangazia tajiriba ya mtu ambaye kazi yake haionekani: mwanafunzi wa sayansi ya maktaba aliye katika mafunzo ya nyanjani. Yanashikilia kuwa mwanagenzi huyu akifundishwa kuvifungua vitabu badala ya kuvibeba tu, fasihi ya Kiswahili itakuwa miongoni mwa zitakazonufaika kwanza.

Mfano mmoja unatosha. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu alitumwa kwa wiki kumi na mbili katika maktaba ya chuo kikuu kimoja cha umma nchini Kenya. Kama ilivyo desturi, alipewa shajara ya kujaza kila jioni ili mhadhiri wake aje kuikagua. Kwa wiki nne shajara hiyo ilisema maneno yale yale: kupiga mihuri, kubandika lebo, kurejesha vitabu rafuni. Mikono ilichoka, akili ikalala. Wenzake waliotumwa kwingine walimsimulia hali iyo hiyo. Baadhi yao walikuwa wamegeuzwa matarishi wa kuleta chai, na nauli walijilipia wenyewe.

Wiki ya tano alipewa kazi ya kukagua iwapo vitabu vimefuatana kwa nambari zake. Katika sehemu ya dini, kati ya vitabu viwili vya ibada, alikuta Rosa Mistika. Mwanzoni alidhani msomaji fulani alikuwa amekirudisha ovyo. La hasha. Lebo ya mgongoni ilikuwa na herufi BX, zinazohusu madhehebu ya Kikristo. Kitabu kilikuwa pale pale kilipoamriwa kukaa. Aliyekiainisha miaka mingi iliyopita alisoma jina, jina ambalo Wakatoliki humwitia Bikira Maria katika litania, akaridhika. Kosa lenyewe lina mantiki. Kilichokosekana ni kusomwa kwa kurasa chache tu, kwani hii ni riwaya ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka wa 1971, inayosimulia masaibu ya msichana aliyelelewa kwa ukali na babake.

Alipompelekea msimamizi wake kitabu hicho, mama huyo angeweza kubadilisha lebo mwenyewe kwa dakika tano. Badala yake alimwuliza, "Umekisoma, mwanangu?" Kijana alikiri kuwa hajakisoma. "Basi nenda ukakisome, kisha uje uniambie mahali pake ni wapi." Alikisoma kwa siku mbili. Kwa mara ya kwanza tangu afike, shajara yake ilijaa ukurasa mzima.

Aliporudi, msimamizi alimfundisha jambo ambalo wapenzi wengi wa Kiswahili hawalijui. Katika mfumo wa uainishaji wa Maktaba ya Bunge la Marekani, unaotumiwa na vyuo vikuu vingi, fasihi ya Kiingereza ina herufi zake PR, na ya Marekani ina PS. Kiswahili kimo ndani ya PL, pamoja na Kichina, Kijapani, Kikorea na lugha nyingine nyingi za Afrika, na kimetengewa nambari nne tu: PL8701 hadi PL8704. Riwaya, tamthilia na diwani za mwandishi mmoja hukaa pamoja chini ya PL8704, zikipangwa kwa herufi ya jina lake. Kwa hivyo, jina likikosewa, kitabu kimepotea japo kimo rafuni.

Na majina yenyewe ni mtihani. Mwanagenzi yule alipoingia katika orodha ya kielektroniki alimkuta Shaaban Robert mahali pawili: kwenye R na kwenye S. Aliwakuta Mohamed Suleiman Mohamed na Said Ahmed Mohamed wamechanganywa, Kiu ya huyu ikihesabiwa kuwa ya yule. Mfumo uliobuniwa kwa watu wenye majina ya ukoo unapokutana na majina ya Unguja, ambako jina la mwisho huenda ni la baba au la babu, hauna budi kupata msaada wa mtu anayeijua fasihi hiyo. Tarakilishi haiwezi kumtambua Mohamed mmoja na mwingine ikiwa aliyeingiza data hakuwatambua.

Wapo watakaosema kuwa mafunzo ya nyanjani ni ya kujenga nidhamu, na kwamba asiyeweza kupanga rafu hawezi kuendesha maktaba. Hoja hiyo ina uzito. Wafanyakazi ni wachache, vitabu ni vingi, na kitabu kilichowekwa mahali pasipo pake ni sawa na kitabu kilichoibwa. Isitoshe, bila ya kazi ya kukagua rafu, Rosa Mistika haingepatikana. Hata hivyo, kupanga ni mlango wa taaluma hii tu. S. R. Ranganathan wa India alikuwa mwalimu wa hisabati kabla ya kuteuliwa mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras mwaka wa 1924. Alipopelekwa Uingereza kusomea ukutubi, alizuru maktaba nyingi na kuuliza kwa nini mambo hufanywa yanavyofanywa. Mwaka wa 1931 alichapisha kanuni tano za taaluma hiyo. Moja yahusu wajibu wa kukikutanisha kila kitabu na anayekihitaji, na nyingine wajibu wa kuuokoa muda wa msomaji. Mwanagenzi asiyejua kilichomo kitabuni atawakutanishaje?

Lawama zote zisibebeshwe maktaba. Idara za Kiswahili huwafunza wanafunzi wao kuhakiki riwaya kwa nadharia lukuki, lakini ni mara ngapi mhadhiri au mwanafunzi amekaa na mkutubi kukagua orodha ya vitabu vya Kiswahili? Tasnifu za Kiswahili huandikwa, hutetewa na kupelekwa maktabani, kisha huachiwa mtu mwingine azitafutie maneno ya kuzitambulisha, mara nyingi kwa Kiingereza. Mtafiti anayeandika neno "utenzi" kwenye orodha huambulia patupu, ilhali tasnifu ipo orofa ya juu.

Tiba haihitaji fedha nyingi. Kwanza, kila mwanagenzi apewe, baada ya wiki za mihuri na lebo, sehemu moja ya maktaba aikague kwa kusoma, na shajara yake ipimwe kwa makosa aliyoyagundua na kuyaeleza. Pili, idara za Kiswahili ziwape wanafunzi wa ukutubi mihadhara michache kuhusu tanzu na waandishi. Tatu, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vijitolee. Tangu mwaka wa 2022, tarehe 7 Julai huadhimishwa kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na vyuoni hukaririwa mashairi na kutolewa hotuba. Saa mbili za siku hiyo zikitumiwa kando ya wanagenzi, mbele ya rafu za PL8704, Kiswahili kitakuwa kimetendewa jambo na si kusifiwa tu.

Mhadhiri alipofika kumkagua kijana yule, alihesabu kurasa za shajara, akatia sahihi, akaondoka. Hakuuliza lolote kuhusu ule ukurasa uliojaa. Lakini kitabu kilikwisha kupewa lebo mpya na kuhamishwa. Karatasi ya tarehe iliyobandikwa ndani yake ilikuwa imekaa miaka mingi bila muhuri hata mmoja. Kabla ya wiki ya kumi na mbili kwisha, ilikuwa na mihuri mitatu, na mmoja wa hiyo mwanagenzi aliupiga kwa mkono wake.